Sanduku la Usultani, Ufunguo wa Nani?



Siku moja, majira ya mvua yakianza, mzee mmoja wa mtaa wetu alinikuta barazani pa shule nikisahihisha madaftari ya watoto. Hakuketi. Aliniuliza akiwa amesimama, kofia mkononi: «Baba Mwalimu, nasikia kila lori la shaba linalopita hapa linaacha fungu kwa usultani wetu. Fungu hilo ni kiasi gani, na limewekwa wapi?» Nimefundisha hesabu kwa karibu miaka thelathini, na asilimia ya fungu hilo naijua kwa moyo. Lakini kiasi chenyewe sikukijua. Nilimwahidi kwamba nitauliza. Makala hii imetokana na kuuliza huko.

Kwanza tuone sheria inasema nini, maana wengi wetu hudhani kwamba fedha za madini ni hisani ya wakubwa, inayoshuka wapendapo kama mvua isiyo na majira. Sivyo. Kanuni ya Madini ya 2002, jinsi ilivyorekebishwa na sheria ya tarehe 9 Machi 2018, inalidai kila kampuni lichimbalo mrabaha, ule ambao makarani huuita redevance. Kwa shaba ni asilimia 3.5 ya thamani ya mali inayouzwa. Kwa madini yaliyotangazwa kuwa ya kimkakati, na kobalti yetu ni mojawapo tangu mwisho wa 2018, ni asilimia 10. Mrabaha huo hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo, na 15 kwa mji, komini, sekteri au usultani ambamo madini yanachimbwa. Tena sheria ya 2018 haitaki fungu hili la mwisho lipitie Kinshasa kwanza. Kampuni linaliweka moja kwa moja katika akaunti iliyoonyeshwa na komini au usultani wenyewe. Mrabaha ukiwa dola milioni moja, usultani unapata dola 150,000. Mtoto wa darasa la sita aweza kufanya hesabu hiyo ubaoni. Juu ya hapo kuna mchango wa maendeleo ya jamii, usiopungua asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka, ambao nao una chombo chake cha kuusimamia.

Basi watunga sheria walifanya jambo jema: waliishusha fedha hadi kwetu, kwenye vumbi. Wasichokifanya ni kumpa mtu wa vumbini njia ya kuiona.

Nilikwenda ofisini mara tatu. Sitaitaja ofisi hiyo, wala haina maana kuitaja, kwa kuwa nadhani kila msomaji anayo ya kwake. Mara ya kwanza niliambiwa kwamba mwenye ufunguo wa kabati amesafiri. Mara ya pili mwenye ufunguo alikuwapo, lakini alitaka kujua nimetumwa na nani: na chama gani, na mbunge gani, na kampuni gani. Nilipomjibu kwamba nimetumwa na mzee mwenye kofia, alicheka, wala si kwa ubaya. Mara ya tatu alinionyesha jalada lenyewe, la rangi ya kijani, akaweka mkono juu yake, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa: «Baba Mwalimu, haya si mambo ya kila mtu.» Nilipotoka, kijana mmoja aliyekuwa mlangoni alininong'oneza kwamba matabishi kidogo yangelifungua jalada. Sikutoa. Labda ningalitoa ningalijua leo kiasi kile. Lakini ningekuwa nimenunua kilicho changu, na kesho mzee mwenye kofia angelazimika kununua chake, na jirani yake vivyo hivyo, mpaka kusema kweli kuwe na bei yake sokoni kama chumvi.

«Haya si mambo ya kila mtu.» Ndiyo sentensi ninayoandika dhidi yake. Simwandikii karani, ambaye mshahara wake najua haumfikii kila mwezi, na ambaye hajapata kuambiwa na yeyote kwamba ana wajibu wa kujibu. Naiandikia sentensi yenyewe, kwa sababu imekaa vinywani mwetu sote. Fedha ni za kila mtu. Habari ya fedha si ya kila mtu. Barabara ni ya kila mtu. Mkataba wa barabara si wa kila mtu. Kodi inatozwa kwa kila mtu, hata kwa mama auzaye maandazi kando ya soko, na risiti anapewa au hapewi. Lakini daftari la makusanyo si lake. Wahenga waliotuachia lugha hii walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumevumbua jambo ambalo hawakulifikiria: mali yenye daftari, na daftari lenye kufuli.

Mtaniuliza kama katiba yetu imenyamaza. Haikunyamaza hata kidogo. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 yasema katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari. Kila mtu, wapendwa, ndilo neno walilolitumia. Kifungu cha 62 chasema kwamba hakuna anayeruhusiwa kudai haijui sheria. Na kifungu cha 142, ambacho nawaomba mkisome mara mbili, chaiagiza Serikali kuisambaza kila sheria kwa Kifaransa na katika kila lugha ya taifa kati ya zile nne, ndani ya siku 60 tangu sheria itangazwe. Lugha hizo nne ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Sasa niambieni, ni nani kati yenu aliyepata kuishika mkononi Kanuni ya Madini kwa Kiswahili, iliyoletwa na Serikali, siku 60 baada ya tarehe 9 Machi 2018? Mimi sikuipata. Kifungu cha 62 hutumika dhidi yetu kila siku, mahakamani na barabarani kwenye vizuizi. Kifungu cha 142 hakina askari wa kukisimamia.

Kuna pia amri ya Waziri Mkuu ya tarehe 20 Mei 2011, inayoagiza kwamba kila mkataba wa mali asili, uwe wa madini, wa misitu au wa mafuta, uchapishwe ndani ya siku 60. Amri hiyo ilikuwa na faida yake. Mikataba kadhaa iliyokuwa imefichwa ilitoka, na wasomi wa mijini wameweza kuisoma na kuipigia hesabu. Siidharau kazi yao. Lakini mkataba uliochapishwa kwa Kifaransa cha mawakili kwenye intaneti, kwa ajili ya kijiji ambacho mtandao wake unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, umefunguliwa nusu.

Kinachokosekana ni sheria ya kukiwekea kifungu cha 24 meno. Waandishi wa habari walipata sheria yao mpya mwezi Machi 2023, nami nafurahi kwa ajili yao. Mzee mwenye kofia si mwandishi wa habari. Kwa raia wa kawaida twahitaji sheria inayomwambia karani waziwazi: hati hizi waweza kumwonyesha yeyote bila kumuuliza ametumwa na nani, una siku kadhaa za kujibu, ukikataa, andika sababu na utie sahihi, na aliyekataliwa atapeleka malalamiko mahali fulani, bure. Hili si jambo la ajabu. Sweden walikuwa na sheria ya namna hii tangu 1766. Na tusiende mbali, tuangalie majirani ambao tunashirikiana nao ziwa au soko: Uganda ilitunga yake 2005, Rwanda 2013, Tanzania na Kenya 2016. Uganda karani ana siku 21. Kenya pia ni siku 21, na jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu latakiwa ndani ya saa 48. Sisemi kwamba huko maofisa wote wanatii. Najua wapo wanaoikalia sheria kama wetu wanavyolikalia jalada. Lakini mtu wa huko anapokwenda ofisini anakwenda na kitu mkononi. Mimi nilikwenda na mikono mitupu, nikarudi nayo mitupu.

Hadi hapa nimezungumza juu ya karatasi. Upande wa pili ni kikao chenyewe, mahali ambapo fedha hugawanywa kabla haijaandikwa popote.

Hapa nitawaelezea nchi ya mbali kidogo, kwa kuwa mfano wake wafaa kwa mwalimu. Marekani kila jimbo lina sheria yake juu ya vikao vya wazi. Nachukua ya California, inayoitwa kwa jina la mbunge aliyeipeleka, Ralph M. Brown, nayo ni ya 1953. Chanzo chake si wanafalsafa. Mwaka uliotangulia, mwandishi mmoja wa gazeti la San Francisco, Michael Harris, alitoa mfululizo wa makala kuonyesha jinsi halmashauri za miji na kamati za shule zilivyokuwa zikikutana faraghani, zikikubaliana kila kitu, kisha zikija mbele ya watu kupiga kura ya maonyesho. Sheria ilitungwa kuukomesha mchezo huo. Leo kamati ya shule ya huko, hata iwe ya kijiji cha wakulima wa nyanya, haina ruhusa ya kukaa kikao cha kawaida bila kubandika orodha ya mambo yake saa 72 kabla, mahali ambapo mpita njia aweza kuisoma. Jambo lisilokuwamo katika orodha haliamuliwi siku hiyo, isipokuwa kwa dharura chache zilizotajwa. Mwananchi ana haki ya kusimama na kusema neno. Na kuna kipengele kidogo kilichonigusa kuliko vyote: hakuna anayeweza kulazimishwa kuandika jina lake ili aruhusiwe kuingia. Mtu aingie tu, aketi, asikilize. Hakuna wa kumuuliza «umetumwa na nani?»

Sheria hiyo pia inazijua hila za wanadamu. Wajumbe wengi wa kamati wakikatazwa kukutana sirini, watafanya nini? Wa kwanza atampigia simu wa pili, wa pili atampigia wa tatu, mpaka wote wawe wamekubaliana bila kukutana. Sheria inaukataza mnyororo huo nao. Na bado ina busara: kesi iliyo mahakamani, nidhamu ya mfanyakazi mmoja, bei ya kiwanja kinachotafutwa kununuliwa, hayo yaweza kujadiliwa mlango ukiwa umefungwa, lakini ni lazima kutangaza kwanza kwamba mlango unafungwa na kwa sababu gani. Hiyo ndiyo tofauti kati ya faragha na siri. Faragha ina mipaka iliyoandikwa mbele ya watu. Siri haina mipaka, na yeyote aweza kuipanua.

Turudi nyumbani. Nilipoanza kuuliza, nilidhani nitawaandikia kudai vikao vya usultani wetu vifunguliwe. Kisha nikagundua upungufu mkubwa zaidi. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekteri na usultani inasema kwamba sekteri na usultani utakuwa na baraza la wajumbe waliochaguliwa, ambalo kazi yake mojawapo ni kujadili makadirio ya mapato na matumizi. Tulipiga kura 2006, tukapiga 2011, tukapiga 2018, na kila mara uchaguzi wa mahali uliahirishwa. Mwezi Desemba 2023 ndipo madiwani wa komini walipochaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii, tena katika komini za miji mikuu ya majimbo tu. Vijijini, mahali ambapo shaba inatoka, baraza halipo. Kwa hiyo asilimia 15 iliyoanza kushuka tangu 2018 imeshukia nyumba isiyo na ukumbi. Twawezaje kudai mlango ufunguliwe wa chumba ambacho hakijajengwa? Fedha imepewa anwani. Wenye kuijadili hawajazaliwa. Kati ya upungufu wote nilioutaja, huu ndio unaoniudhi zaidi, kwa kuwa hakuna karani wa kulaumiwa, wala jalada la kijani. Ni nchi nzima iliyozoea kuahirisha kilicho karibu na mtu mdogo.

Nimesikia majibu mengi dhidi ya mawazo haya, mengine kutoka kwa marafiki. Nitayajibu machache.

Wengine husema: tuna vita mashariki, nchi iliyo vitani haifungui makabati yake. Nawaheshimu wanaolia kwa sababu ya vita, nami nina ndugu huko. Lakini nataka nielezwe ni adui gani atakayefaidika akijua gharama ya paa la kituo cha afya. Mahali pa kambi pawe siri, idadi ya risasi iwe siri. Idadi ya mabati? Neno «usalama» limekuwa blanketi ambalo kila mwenye jambo la aibu hujifunika nalo.

Wengine husema: watu wetu hawajasoma, ukiwapa tarakimu watafanya fujo. Jibu hili hunikera kama mwalimu. Mama auzaye maandazi anajua bei ya unga kwa wiki sita zilizopita, anajua deni la kila jirani, na hujui utakavyomdanganya katika chenji. Mwambie kwa lugha yake: tulipokea kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki kwa daraja, kiasi hiki kimebaki. Ataelewa kabla hujamaliza. Kisichoeleweka ni kile kilichoandikwa ili kisieleweke. Na kuhusu fujo, nimeishi siku za kutosha kuona kwamba watu huchoma matairi kwa sababu ya uvumi. Sijaona walioyachoma baada ya kusomewa hesabu.

Jibu la tatu ndilo linalopendwa na wazee: utawala wa jadi hauhojiwi, mambo haya ya vikao vya wazi ni ya kigeni. Hapa nasema hapana, tena kwa nguvu. Jiulizeni neno lenyewe «baraza» lina maana gani. Ni sehemu ya mbele ya nyumba, yenye kivuli, isiyo na mlango, inayotazama njia. Nyumbani kwetu tukisema mtu yuko barazani tunamaanisha kwamba kila apitaye anamwona. Wazee wetu walipokaa kuamua shauri la shamba au la mahari hawakuingia chumbani. Walikaa mahali ambapo watoto waliweza kusimama nyuma wakasikiliza, ndiyo maana miaka arobaini baadaye mtu mzima aweza kusema: nilikuwapo, mpaka uliwekwa pale kwenye mwembe. Kumbukumbu yao ilikuwa ni macho ya wengi. Kilicho kigeni ni kabati la chuma, muhuri, na ofisi ambayo raia anabisha hodi akiwa ameinama. Hayo tuliyarithi kwa wakoloni, ambao hawakuwa na sababu ya kumwonyesha Mwafrika hesabu za nchi yake, na tulipoingia katika viti vyao tulivikuta na funguo, tukazihifadhi vizuri kuliko tulivyohifadhi barabara na reli.

Mwishowe wapo ndugu wa humu humu wanaoniambia: Mwalimu, wewe ni katekista, hayo waachie wanasiasa. Sitajibu kwa hotuba. Nitasema tu kwamba katika mashirika yetu makusanyo husomwa kwa sauti, na mweka hazina asiyesoma hesabu miezi miwili huanza kutazamwa kwa jicho baya. Na pale ambapo hatufanyi hivyo, kwa maana pia tunazo sehemu hizo, hatuna haki ya kwenda kubisha hodi kwa wengine. Nimeomba hesabu za ukarabati wa ukumbi wetu zibandikwe mlangoni. Zimebandikwa, zikiwa na kosa la kujumlisha ambalo mtoto wa darasa la tano aliligundua. Mweka hazina alisahihisha kwa kalamu nyekundu, watu wakacheka, yeye pia akacheka, na hakuna aliyemtuhumu kwa lolote.

Sasa niwaeleze tumefanya nini, ili msidhani kwamba nimekaa kuandika tu.

Kifungu cha 27 cha katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka yoyote ya umma, akiwa peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Hakuna anayepaswa kuudhiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Kifungu hiki ni maskini, hakina sheria kubwa nyuma yake, lakini kina tarehe ya mwisho, na hicho ni kitu. Basi tuliketi watu kumi na wanane, tukaandika barua kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kurasa moja na nusu kwa kila lugha. Tuliomba mambo matatu: kiasi cha mrabaha kilichoingia katika akaunti ya usultani kwa kila mwaka tangu 2018, orodha ya kazi zilizolipiwa kwa fedha hizo, na mahali zilipo ili twende kuziona kwa miguu, na siku moja kila miezi mitatu ambapo mkuu na washauri wake watasoma hesabu mbele ya watu, uwanjani, kwa lugha ya watu, mpaka hapo baraza la kuchaguliwa litakapopatikana. Hatukumtuhumu mtu. Nililifuta kwa mkono wangu neno «wizi» ambalo vijana walilitia katika rasimu ya kwanza, kwa sababu hatujui kama kuna wizi, na kutojua huko ndiko tunakokulalamikia. Inawezekana kabisa kwamba kila franka imetumika vyema na kwamba mkuu wetu ni mtu mwaminifu anayesengenywa bure. Yeye ndiye angefaidika kwanza siku hesabu zikisomwa.

Waliotia sahihi walikuwa kumi na wanane. Waliobaki ni kumi na saba. Mmoja alinijia usiku akaniomba nifute jina lake. Mwanawe alikuwa ameomba kazi, na aliambiwa kwa utani, au kwa kitu kilichofanana na utani, kwamba familia yao inapenda sana kuandika. Nilifuta. Nilimsindikiza mpaka njia panda, wala sikumlaumu, na sitaki mtu yeyote anayemjua amlaumu. Mzee mwenye kofia hajui kuandika. Alitia kidole gumba, kisha akauliza kama wino huo unatoka, kwa kuwa alitaka mkewe auone.

Barua ilipokelewa na kupigwa muhuri kwenye nakala yetu. Nakala hiyo, katika lugha zote mbili, imebandikwa mlangoni pa ukumbi kando ya hesabu za ukarabati, na anayetaka kuinakili kwa ajili ya usultani wake au komini yake hana haja ya kuniomba ruhusa. Miezi mitatu itatimia Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi ujao. Siku hiyo, saa tatu asubuhi, baadhi yetu tutakuwa ofisini kuuliza jibu. Nitakuwa nimempa mwalimu mwenzangu darasa langu.